Mkono Haukualikwa

Hapa Minneapolis theluji ikiisha kuanguka, mwenye nyumba ana saa 24 za kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya kwake. Akizembea, jiji linaweza kutuma watu wake waisafishe, na ankara ikamfuata nyumbani. Kuisukumia theluji barabarani nako ni kosa. Yaani theluji hukuiagiza, lakini ikishatua ni mali yako.

Mwaka wa kwanza unapambana kwa koleo. Mwaka wa pili kiuno chenyewe kinakutuma dukani ukanunue mashine ya kurushia theluji. Yetu ina parafujo kubwa la chuma mbele, linalokata theluji na kuivuta ndani; nyuma yake kuna feni inayoirusha juu kupitia bomba lenye shingo ya kugeuka. Ilikuwa inatutii vizuri mpaka shemeji alipokuja kututembelea kutoka Morogoro.

Shemeji ni fundi pikipiki, na fundi hasomi kitabu cha maelekezo. Kile cha mashine alikiwekea kikombe cha chai. "Shemeji, hii ni pikipiki isiyo na kiti," akaniambia, akataka kuiwasha humo humo gerejini mlango ukiwa umefungwa, eti nje kuna baridi. Nikamwambia moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, inaua watu wazima na mafundi pia. Akaitoa akinung'unika.

Nje akaelekeza bomba upande upepo unakotoka. Alirudi mweupe kuliko wenyeji. Akaligeuza upande wa pili, theluji yote ikahamia kwa jirani, mzee mstaafu aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kufagia. Mzee huyo kila theluji huipima kwa ile ya Halloween ya mwaka 1991, ilipoanguka zaidi ya sentimita 70 hapa mjini, na hakuna iliyowahi kufaulu mtihani wake. Alikunywa kahawa yake, akatazama, akaingia ndani. Wiki nzima hakutusalimia.

Kasheshe yenyewe ilikuwa pale njia yetu inapokutana na barabara. Greda la jiji likipita huacha hapo tuta la theluji nzito, yenye maji. Bomba likaziba. Shemeji akazima injini, akavua glovu, akainama. Mke wangu alipiga ukelele uliosikika mtaa wa tatu: "Kaka! Toa mkono!"

"Si nimezima?"

Kuzima hakutoshi. Mkanda au feni inaweza kubaki imejikaza kwa sababu ya lile bonge lililokwama. Ukiling'oa kwa vidole, chuma kinaruka nusu mzunguko, na nusu inatosha. Unazima, unatoa ufunguo, unachomoa waya wa plagi, unasubiri kila kitu kitulie, kisha unazibua kwa kijiti cha plastiki kinachokuja na mashine. Chetu shemeji alishakitupa akidhani ni cha kufungashia. Ukaja mwiko wa shughuli, ule mrefu. Mwiko ulifanya kazi nzuri, ila ugali wa jioni ile ulisongwa kwa kijiko cha supu.

Siku nyingine parafujo likameza gazeti lililoganda chini ya theluji, pini yake ikakatika. Hiyo pini imetengenezwa dhaifu kwa makusudi, ikatike yenyewe ili giaboksi ipone. Shemeji aliiona kama aibu ya kiwanda. Akaweka bolti ya chuma kigumu, "ya kudumu". Parafujo lilipokutana na zulia la mlangoni lililozikwa, bolti ilidumu kweli. Iliyokufa ni giaboksi, na bei yake naomba tusiitaje, mke wangu husoma ninachoandika.

Sasa mashine iko kwa fundi, ambaye amegundua pia kwamba petroli ya mwaka jana ilichachia ndani ya kabureta na kuanza kuiziba. Ilipaswa kumwagwa majira ya baridi yalipoisha. Kwa hilo shemeji hana hatia, hakuwepo.

Basi msomaji, kama una mgeni fundi anayetua Disemba, nunua pini za akiba kabla hujaenda kumpokea, na kile kijiti kifunge kwenye mashine kwa waya.