Pedali Imehamia kwa Mshonaji

Ukitaka kuona baiskeli isiyo na pedali, nenda Walikale, mashariki mwa Kongo. Njia ya msituni ni matope, madumu ya mawese yamefunika fremu nzima, nani atapanda? Wengine huzing'oa pedali zisije zikawachubua ugoko, wakafunga fimbo kwenye usukani, wakasukuma. Sisi wa Masisi tuna chukudu, skuta ya mbao ambayo pedali haikuwahi kuzijua: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unapiga chini, na breki ni kipande cha tairi kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Chukudu imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu Goma. Pedali haina hata kinyago.

Basi imebaki kwa washonaji. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake Marekani mwaka 1851, na hii ya shangazi yangu ni mjukuu wake: haiulizi kama umeme umekuja. Inataka mguu tu, tena mguu wenye adabu. Ukiukanyaga ubao wake kwa pupa, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajikunja chini na kukatika. Watoto wanadhani ni gari. Wanapiga honi kwa midomo mpaka wafukuzwe. Kaka yangu naye alisikia kwamba Bernard Kiwia wa Arusha alitengeneza chaja ya simu ya baiskeli, basi kila siku anauzungukia ule ubao na simu yake mkononi.

Mkesha wa harusi ya jirani, mkanda wa ngozi wa cherehani ukakatika. Mwanafunzi wa shangazi akafunga ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira unavutika: mguu unakwenda, gurudumu linasubiri, kisha linaruka ghafla na sindano inatimua mbio.

"Mama, mashini iko inakataa."

"Haikatae. Iko inafikiri. Kanyaga!"

Alikanyaga. Bwana harusi alipokuja kujaribu suruali, mguu wa kwanza uliingia vizuri, wa pili ukakosa mlango: paja la kushoto lilikuwa limeshonwa juu ya la kulia.

Shangazi akatangaza sokoni kwamba anatafuta ngozi. Aliyejitokeza ni kijana wa chukudu aliyekuwa anateremsha viazi kwenda Sake. Akavua mshipi wake, akakatiwa ukanda mwembamba, cherehani ikaanza kuimba. Ila chukudu ikashindikana: mkono mmoja usukani, mwingine kiunoni. Mpaka jioni barazani walikaa wanaume wawili, mmoja hana suruali, mwingine hana cha kuifungia.