Sifa za Mkopo Usiotoka

Washairi wetu wamesifu mwezi, mnazi, jahazi, na macho ya wanawake ambao hata hawakuwajibu. Hakuna aliyekaa kitako akausifu mkopo wa nyumba anaouomba mfanyakazi mgeni na kunyimwa. Basi nausifu mimi, tena kwa moyo mweupe, maana mimi ni mwenye nyumba hapa Ngara mjini na ndio unaonilisha.

Mpangaji wangu ni Mkenya, fundi wa mitambo. Alikuja na mkataba wa kazi pamoja na kibali cha ukaazi daraja B, ile karatasi ya mgeni aliyeajiriwa. Namwita injinia, yeye ananiita mzee, ingawa kwa mvi amenizidi. Mwaka wake wa pili aliupenda mji: ukungu uliolala mabondeni asubuhi, ndizi za kumwaga, majirani wanaokusalimia mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Jioni moja akaniambia, “Mzee, nimechoka kupanga. Nataka kununua kwangu.” Nilishtuka kama mtu aliyeambiwa na ng’ombe wake kwamba kuanzia kesho atajikamua mwenyewe.

Akaniomba nimsindikize benki. Afisa mikopo, binti mwenye adabu zake, akazipokea slipu za mshahara na kukaa wima. Akaifungua pasipoti, akaipekua ukurasa kwa ukurasa hadi kwenye kibali, na hapo kalamu ikasimama.

“Mkopo wa nyumba ni hadi miaka 20, kaka. Kibali chako kimebakiza miezi saba.”

“Kinahuishwa, dada.”

“Kinahuishwa, ndiyo. Lakini sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inakupa miaka 2, unahuisha, na mkataba wako wa kazi wote ni miaka 5 tu.”

Akavuta kikokotoo, akabonyeza 20, akatoa 5, akatugeuzia tuone wenyewe. Ilisomeka 15. Nimesoma hesabu mpaka darasa la saba na sijapata kuona jibu zuri kama lile. Kisha akauliza nyumba itaandikwa jina la nani, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa ya uwekezaji, na kulala usingizi bado hakujatambuliwa kuwa uwekezaji.

Injinia akajaribu Afrika Mashariki. Akasema sisi ni jumuiya moja, Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kazi Julai 2010, mtu anafanya kazi popote. Binti akakubali yote kwa tabasamu, halafu akamkumbusha kwamba itifaki hiyohiyo imeliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Kwa hiyo mikono ya Mwafrika Mashariki inakaribishwa kila mahali. Ubavu wake utafute pa kulala kwao.

Sasa nieleze wema wa kunyimwa huku. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 17, na riba za nyumba nchini zimezoea kucheza humo kati ya 15 na 19, ukiulipa kwa miaka 20 utarudisha zaidi ya milioni 170. Nyumba moja unailipa kama tatu na jiko. Injinia ameokolewa na hilo. Angekuwa raia asingekuwa na wa kumwokoa.

Halafu msiseme wilaya hii ina uchoyo wa makazi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja wakiikimbia Rwanda, na hakuna aliyeulizwa slipu ya mshahara. Walipewa maturubai pale Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, na turubai halina riba. Desemba 1996 serikali ikawataka wawe wamerudi kwao kabla mwaka haujaisha. Hebu fikiria kila turubai lingekuwa na rehani! Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu, ikawaondoa mkoani kwetu Kagera watu waliokuwa na migomba yao, wake zao na wajukuu zao hapa. Jirani yetu kijijini aliacha sufuria ya maharage jikoni. Mimi ndiye niliyeiipua. Deni la benki hakuacha hata shilingi. Hapo, nakiri, huwa nacheka nusu.

Wageni waliojenga bila shida ni Wajerumani. Nenda Biharamulo ukalitazame boma lao, kuta nene kama za watu waliokusudia kukaa karne. Kibali walijiandikia wenyewe, na hata hivyo hawakumaliza miaka 20: vita viliwatoa mwaka 1916.

Babu yangu wa Bugufi, hukuhuku Ngara, naye alikuwa mgeni. Alikwenda Buganda kwa miguu kulima pamba ya watu, kama vijana wengi wa zama zake. Muganda mwenye ardhi akampa kibanja, akawa analipa busuulu kila mwaka, na sheria ya 1928 ikamzuia mwenye ardhi kuipandisha kodi hiyo atakavyo au kumfukuza ovyo. Babu hakuwa na pasipoti. Alikuwa na jembe. Injinia ana vyeti vya kujaza begi.

Nisijitukuze lakini. Mimi raia pia niliwahi kuomba mkopo, nikanyimwa kabla chai haijapoa, kwa sababu kiwanja changu kina karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti, hakina hati. Na hata ningekuwa na hati, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hati ingenipa miaka 33, 66 au 99 ya kukaa. Kumbe nami nina kibali, kirefu kidogo tu.

Ndiyo maana uani kwangu palikuwa na pagala. Lilisimama kwenye lenta miaka sita, mbuzi wa jirani wakizalia sebuleni. Alipokuja injinia likaanza kutembea. Ananilipa 150,000 kwa mwezi, miezi sita mbele, yaani 900,000 mkononi. Kodi ya kwanza ilipaua. Ya pili ikapiga plasta. Dirisha lake linatazama uani, hivyo kila Jumamosi alikuwa akitoka na kikombe cha chai kumsahihisha fundi: nondo hii nyembamba, mchanga huu una udongo, rudia. Fundi alimchukia, nyumba ikatoka imenyooka kuliko hii ninayoishi mimi. Kwa miaka yake 5 ametoa milioni 9. Amejenga nyumba Ngara, na ameisimamia mwenyewe. Kilichokosekana ni jina.

Kibali chake kinaisha mwezi ujao pamoja na mkataba wake, na hakuna cha kuhuisha zaidi. Ameomba aondoke na ile kamba aliyokuwa akipimia kuta. Nimemwachia.

Kwa hiyo nyumba zinapangishwa, mbili sasa, moja mpya kabisa. Maji ndani, umeme wa luku, kodi miezi sita mbele. Mgeni mwenye daraja B apige hodi wakati wowote. Mwenye hati na sifa za kukopa asijisumbue.