Safari Isiyo na Posho

Barua tatu za wiki hii zina ugonjwa mmoja, kwa hiyo zitapewa dawa moja.

*Mshauri, shikamoo. Mume wangu ametimiza miaka 60 na utumishi wa umma umenirudishia. Kila siku saa moja na nusu asubuhi ameshachomekea shati, anataka mpango kazi wa jikoni. Juzi kaniandikia dokezo sabili kuhusu matumizi ya chumvi. Nifanyeje? — Mama Asiye na Cheo, Dodoma*

*Kazini nilikuwa mtu wa safari. Tangu nistaafu sijatoka nje ya mkoa. Nikitaka kuondoka najiuliza naenda kufanya nini, nakosa jibu, nakaa. — Mzee wa Barazani, Tabata*

*Niliapa nikistaafu nitasoma vitabu. Nikifika ukurasa wa nne nalala. Ni macho au ni uzee? — Mwalimu Mstaafu, Kibaha*

Ndugu zangu, mtumishi wa Tanzania hufundishwa kwa miaka thelathini na zaidi kwamba hakuna hatua isiyo na sababu iliyoandikwa. Husafiri kikazi, na safari hiyo ina kibali, ina posho ya kujikimu, ina masurufu ya kurejeshwa pamoja na risiti zake. Nje ya hapo husafiri kwa msiba, kwa harusi, au kwenda kuwaona wazee mwisho wa mwaka, na huko kote anakwenda na mchango mfukoni. Kusoma nako ni hivyo hivyo: alisoma ili afaulu mtihani, akasoma nyaraka ili asikosee, akasoma matangazo ya kazi gazetini ili apande. Siku ya kustaafu, sababu zote zinaondoka na gari la ofisi. Watu husema mstaafu amepungukiwa kazi. Si kweli. Ana wajukuu, ana kamati ya msikiti au ya parokia, ana vikao vya harusi visivyoisha. Alichopungukiwa ni ruhusa, na mwenye mamlaka ya kuitoa sasa ni yeye mwenyewe, cheo ambacho hakuwahi hata kukikaimu.

Kwa hiyo, mama wa Dodoma, usigombane naye kwa chumvi. Dokezo lile lijibu kama ofisi zinavyojibu: limepokelewa, linafanyiwa kazi. Bwana wako anatafuta mtu wa kumwekea saini, basi. Mtaani watakushauri umfungulie mradi wa kuku. Usikubali. Mradi wa kuku kwa mtu wa namna hii ni ofisi ile ile yenye watumishi wa manyoya. Baada ya mwezi utasikia kuna jogoo kaandikiwa barua ya onyo. Mtu huyu hahitaji kazi nyingine. Anahitaji kuzoezwa kufanya jambo lisilo na taarifa ya utekelezaji.

Zoezi la kwanza ni safari, na hapa nawajibu yeye na mzee wa Tabata pamoja. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Panda asubuhi, iangalie milima ya Uluguru, kula matunda, rudi jioni. Ukiulizwa ulifuata nini Moro, jibu ni Moro. Najua pingamizi linalokuja: kikokotoo cha mafao. Ni pingamizi zito, wala silidharau. Mstaafu wa kima cha chini anayenunua dawa na kulipia daftari za wajukuu asiambiwe na safu ya gazeti apande treni. Lakini mzee wa Tabata hakuandika kwamba hana nauli. Aliandika kwamba hana sababu, na hayo ni maradhi mawili tofauti. Anayeumwa yote mawili aanze na pantoni ya Kigamboni, ambayo nauli yake haijamfilisi mtu.

Pingamizi la pili ni la heshima: mtu mzima akionekana anazurura, majirani watasema. Watasema kweli. Ila msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 bila ofisi yoyote kumtuma, na leo anayetaka kujua Kilwa ya wakati ule ilikuwaje ni lazima apite kwake. Faida ilikuja baadaye, bila kuwekwa kwenye bajeti.

Sasa mwalimu. Macho yanahusika, tusidanganyane. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na herufi za karibu hufifia. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na kwenda kupimwa si aibu. Lakini kama miwani unayo na bado unalala, nakushuku kwa kosa jingine: unasoma kama unayesahihisha. Unatafuta dhamira, unahesabu wahusika, unaogopa kukiacha kitabu njiani kana kwamba mkaguzi wa elimu yuko mlangoni. Kiache! Haki kubwa ya mstaafu ni kufunga kitabu kinachomchosha bila kueleza. Kisha chukua *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, uisome bila kuitungia swali hata moja.

Utaniambia kwamba tabia ya kusoma haianzi uzeeni, na utatoa ushahidi wa Mwalimu Nyerere. Ushahidi huo ni mzuri. Tafsiri zake za Shakespeare, ile ya *Julius Caesar* ya 1963 na *Mabepari wa Venisi* ya 1969, zilitoka akiwa Ikulu, na hakuna wizara iliyomwagiza. Alipong'atuka urais mwaka 1985 akaenda Butiama, aliendelea na kalamu ile ile, akazigeuza sehemu za Biblia kuwa tenzi. Hapo nakubali: aliyeanza mapema amepata urahisi, na mtumishi wa miaka arobaini anayesoma safu hii asisubiri barua ya kustaafu. Ila haifuati kwamba aliyechelewa amefungiwa mlango. Rais Mwinyi aliondoka madarakani mwaka 1995, na kitabu cha maisha yake, *Mzee Rukhsa*, kilizinduliwa Mei 2021 alipotimiza miaka 96. Mwalimu wa Kibaha, wewe hujaombwa kuandika. Umeombwa ufike ukurasa wa tano.

Wasio na vitabu nyumbani wasinitumie barua nyingine. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, tangu mwaka 1967, na mikoani zipo maktaba za umma. Nendeni na miwani.