Sabufa Kitini, Mwalimu Sakafuni

Spika bapa huwachanganya mafundi wetu kwa jambo moja: hazina boksi. Ni ngozi nyembamba ya plastiki yenye nyaya, imewambwa mbele ya safu za sumaku, basi. Mmarekani Jim Winey alianzisha kampuni ya kuzitengeneza kule Minnesota mwaka 1969, na sidhani kama aliiwazia Engaresero, kijiji chetu, hata kidogo. Zangu nilizinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama Arusha. Pale Mto wa Mbu konda akazilaza kwenye keria pamoja na mabati, na njia nzima abiria walinipongeza kwa kupata milango mizuri, isipokuwa mama mmoja aliyetaka kujua bawaba ziko wapi.

Zikilia, mwimbaji anasimama mbele yako, unasikia hata anavyovuta pumzi. Marijani Rajab aliniimbia mimi peke yangu. Shida ni gitaa la besi. Spika bapa hutoa sauti mbele na nyuma kwa wakati mmoja; mbele ikisukuma, nyuma inavuta. Mawimbi marefu ya besi hupita ukingoni, yanakutana na wenzao wa upande wa pili, yanamalizana hapo hapo. Kinachobaki ni besi yenye adabu mno. Na mwenye duka jirani yangu ana sabufa ya taa za rangi inayotikisa sufuria za watu! Nikanunua sabufa.

Chumba changu kina urefu wa mita 4.2. Kwa joto la huku sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo chumba hiki huitikia kwa nguvu mitetemo 41 na ushee kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, nao hutoa 41 na ushee. Ungedhani ni bahati. Kumbe wimbi la namna hiyo hujazana kwenye kuta za mwisho na kuacha katikati patupu, na kiti changu kilikuwa katikati kabisa, mahali pa bwana mkubwa. Nikawa nasikia mpiga besi akiruka noti. Aliyezisikia zote ni yeyo, mama wa Kimaasai jirani yangu, aliyekuwa nje kivulini, ameegemea ukuta wangu akitunga shanga.

"Mwalimu," akaniita dirishani, "ngoma yako nzuri. Ila shanga zinaruka."

Fundi alikuja kutoka Mto wa Mbu, akazitazama bapa kwa muda, akasema kwa upole, "Mwalimu, haya si ni mapazia?" Lakini kazi anaijua. Alizima sabufa, na besi ikaongezeka. Akaiwasha, ikapungua. Nilidhani ni kiini macho. Akafungua boksi, akahamisha waya mwekundu ulipokuwa mweusi na mweusi ulipokuwa mwekundu, maana sabufa ilikuwa inavuta pale bapa zinaposukuma. Akabadilisha na kapasita ili sabufa ishughulike na yaliyo chini ya mitetemo 80 tu. Pesa yake ilikuwa halali.

Yaliyobaki, akasema, ni ya chumba, na chumba hakina fundi.

Ipo njia inayojulikana na wapenda muziki dunia nzima, na inafanya kazi kweli, ila ifanye ukiwa umefunga mlango. Nilisogeza kiti nyuma kutoka katikati, nikaiweka sabufa juu yake kama mgeni rasmi, nikapiga wimbo wenye besi nyingi, kisha nikaanza kutambaa sakafuni kandokando ya kuta, sikio chini, kutafuta mahali ambapo noti zote zinalingana. Hapo ukipapata, mnabadilishana nafasi: sabufa inashuka, wewe unapanda kitini. Kwa sababu ya joto mlango ulikuwa wazi. Nilifika kizingitini nimeinamisha kichwa nikaona ndala za matairi.

"Takwenya, yeyo," nikasema nikiwa huko huko chini.

"Iko," akajibu, akaniwekea kiganja utosini kama anavyowasalimu watoto. Kisha akaitazama sabufa kitini. "Na huyu ni nani?"

Na majivu ya Lengai, volkano yetu, nayo yana habari yake. Yana chembe za chuma zinazovutwa na sumaku. Ndiyo yaliyojenga ule mchanga mweusi unaohama karibu na Oldupai, ambao husogea takriban mita 17 kwa mwaka bila kutawanyika. Upepo wa mchana huku hauombi ruhusa, na spika zangu ni sumaku kuanzia juu hadi chini. Zimeota ndevu. Nazichana kwa brashi ya rangi kila jioni, nazo huota upya.

Sabufa ilipata makao yake ukutani, palipokuwa na pipa la maji. Pipa likahamia pembeni. Noti zikakaa sawa, shanga zikatulia, na yeyo, kwa kuwa nje hakuna tena cha kusikia, siku hizi huingia ndani muziki ukianza. Mgeni, tena mtu mzima, hakalishwi kwenye kigoda. Kiti anakaa yeye. Mimi nakaa juu ya pipa, kwenye pembe, ambako 41 na ushee zote zinanipitia miguuni.