Namna ya Kuchagua Seva Ukiwa Lokiriama

Siku utakapoichoka Facebook na kujaribu Mastodon, utaulizwa: seva gani? Wengi hukwama hapo, wakazima simu na kurudi walikotoka. Wewe usirudi. Aliyewahi kuchagua adakar, kambi ya wafugaji ya kuhama nayo kiangazi, anajua kazi hii tayari. Anauliza mkubwa wa kambi ni nani, anaelewana na nani, na nani hakaribishwi kwenye malisho yao.

Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko kule Ujerumani mwaka 2016, haina tajiri mmoja. Ni maelfu ya seva zinazopelekeana ujumbe, kila moja na msimamizi wake na sheria zake. Wa Lodwar anaweza kumfuata wa Berlin, mpaka msimamizi wa upande mmoja akatae. Msimamizi anaweza kuipunguzia sauti seva nyingine, watu wake waonekane na wafuasi wao tu, au kuikata kabisa. Mtandao wa Gab ulipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019, na chuki zake zote, seva nyingi ziliukata. Ukabaki unajisomea wenyewe.

Kwa hiyo usidanganywe na jina tamu wala picha ya tembo. Fungua ukurasa unaoeleza seva yenyewe, tafuta orodha ya waliozuiwa, usome na sababu zake. Orodha isipoonekana, muulize msimamizi kwa nini. Akikujibu kwamba hapo hazuiwi mtu, mshukuru, uondoke. Orodha ikiwa ndefu na sababu ni ulaghai au uchochezi, vizuri. Lakini ukiona seva nzima imekatwa kwa sababu wasimamizi wawili wamegombana, jihadhari: kesho utapoteza marafiki kwa ugomvi usioujua.

Sasa lugha, na hapa usiwe na haraka. Nani atasoma malalamiko yako? Kambi ya Kakuma, hapa Turkana, imepokea wakimbizi tangu 1992. Humo utasikia Kisomali, Kiamhari, Kiarabu cha Juba, Kiswahili cha Kongo na Kiturkana cha wenyeji. Msimamizi aliyelala Ulaya, asiyejua hata moja kati ya hizo, atapitisha tusi akidhani ni salamu. Mambo haya yameshafika mahakamani. Desemba 2022, Abrham Meareg, Mwethiopia, aliishtaki Meta, kampuni ya Facebook, jijini Nairobi, akidai kwamba machapisho ya Facebook ndiyo yaliyomtia hatarini baba yake, profesa aliyeuawa Novemba 2021.

Na sisi tuko Lokiriama, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Hapa ndipo Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipopatana mwaka 1973, wakazika silaha, na kila mwaka watu wa pande zote mbili hukutana kuadhimisha siku hiyo. Uvumi mmoja wa mifugo iliyoibwa, ukisambaa usiku bila wa kuuzuia, unaweza kuwapeleka vijana mpakani kabla wazee hawajaamka. Anayekuuzia seva isiyozuia chochote, eti ndiyo uhuru, hakai jirani na mpaka. Uhuru wa aina hiyo tunaulipia kwa maisha ya watu.

Basi mtihani wangu ni huu. Kabla ya kujisajili, mwandikie msimamizi kwa Kiswahili: "Mtu akiandika kwamba kabila fulani lifukuzwe kisimani, utafanya nini, na baada ya saa ngapi?" Akijibu kwa kutaja hatua na muda, ingia. Akikutumia hotuba ndefu kuhusu falsafa ya mawasiliano, tafuta kwingine.

Ukishaingia, ficha picha na video zisijifungue zenyewe, bando lako lifike Ijumaa. Ujumbe wa faragha haujafungwa kwa msimamizi, anaweza kuusoma, kwa hiyo usiandike humo namba ya kadi yako ya ukimbizi. Na seva yake ikiruhusu takataka za jirani, huhitaji kumsubiri: unaweza kuizuia seva nzima ya jirani huyo kwenye akaunti yako.

Ukihama baadaye, wafuasi wako watahamia nawe, lakini uliyoyaandika yatabaki kule. Ndiyo maana seva zinazoorodheshwa rasmi na Mastodon huahidi kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufungwa, kuhifadhi nakala kila siku, na kuwa na mtu wa pili mwenye nywila za dharura. Muulize msimamizi wako huyo wa pili ni nani.