Tikisa Kabla ya Kutumia

Hapa Kamina mzee akichelewa kujibu salamu, watu hawasemi kwamba sikio limekufa. Wanasema anapima maneno. Mzee huyo akiwa kasisi, basi anasikiliza mbinguni kwanza ndipo ajibu duniani. Nimekaa na heshima hiyo muda sasa, na faida yake naijua. Mama mmoja huja kwangu alfajiri na kesi ya mumewe. Ananieleza yote kwa sauti ya chini kwa sababu majirani wako karibu, nami naambulia neno hapa na neno pale: mama mkwe, sufuria, Likasi. Nanyamaza. Nakunja uso, na si kwa hekima. Najaribu kuunganisha sufuria na Likasi. Yeye anauona ule uso, analia kidogo, anajiuliza maswali na kujijibu mwenyewe, kisha anasimama na kushukuru: tangu azaliwe hajasikilizwa hivyo. Nilipokuwa kijana mwenye masikio mazima nilimkatiza kila mtu kwa mstari wa Biblia, na sikumbuki nani alinishukuru.

Ndivyo uzee ulivyo katika kazi yetu. Kila kiungo kinachogoma huhesabiwa karama. Nikitembea polepole, nina unyenyekevu. Nikisahau aliyeniudhi mwaka jana, nimesamehe. Nikisinzia kwenye mkutano wa halmashauri ya kanisa, naombea ajenda. Kadiri mwili unavyoharibika ndivyo utakatifu unavyopanda, na kwa mwendo huu nitakuwa malaika siku nitakaposhindwa kabisa kutoka kitandani.

Wasomaji wa mbali huenda wakashangaa Mwanglikana anatafuta nini Kamina. Hata wa hapa wanashangaa. Wakatoliki wana askofu wao na kanisa kuu. Wamethodisti wamejaa kila mtaa. Wapentekoste wameenea katika nchi hii ya Waluba tangu Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walipofika Mwanza mwaka 1915 (Mwanza yetu ya Katanga, ile ya sangara wa Ziwa Viktoria ni nyingine). Uanglikana ulipitia mlango wa mbali. Aliyeuingiza Kongo ni Mwafrika, Mganda Apolo Kivebulaya, aliyefika Mboga, kule Ituri, mwaka 1896. Kutoka Mboga hadi huku kusini ni mwendo, na kanisa halikuwa na haraka. Mwaka 1992 ndipo tulipojitegemea kama kanisa la nchi, tukawa na askofu mkuu wetu. Kwa hiyo mtu akiniona na kola shingoni na wajukuu wakinivuta suruali, ananiuliza bila kuficha: "Pasta, ninyi ni Wakatoliki wenye wake?"

Jirani yangu, mzee wa reli aliyestaafu, Mkatoliki wa damu, yeye haulizi. Yeye huanza moja kwa moja na Henri wa Nane, yule mfalme wa Uingereza. "Mulamu, mfalme wenu alioa wangapi?" Ananiita mulamu, shemeji, kwa kuwa mke wangu anatoka kijiji kimoja na mama yake, na cheo hicho kinampa ruhusa ya kunitania mpaka kaburini. Namjibu kwamba Henri alioa sita, tena mmoja mmoja kwa zamu, jambo ambalo machifu wa zamani wa huku wangeliona ni ubahili. Tunacheka, tunarudia wiki inayofuata. Wazee tunapenda utani usiobadilika, kwa sababu huo hatuusahau.

Sasa kola. Kola ya dukani huagizwa Lubumbashi, na kuagiza Lubumbashi maana yake treni. Tangu reli ilipopita hapa na kufika Ilebo mwaka 1928, mji huu unaishi kwa kusikiliza honi, na treni nayo ina kalenda yake ya kanisa, yenye Majilio marefu kuliko yetu. Makasisi wa bara tumejifunza kujitegemea: unachukua chupa nyeupe ya plastiki, unakata ukanda, unauchomeka kwenye shati, na hakuna askofu atakayejua akiwa hatua tatu kutoka kwako. Chupa iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ya dawa ya kuku. Nilikata asubuhi na mapema, umeme haupo, miwani sijui iko wapi. Plastiki ilikuwa nzuri, laini, haikwaruzi. Kilichokuwa kimechapwa juu yake kwa herufi ndogo za buluu sikukiona, na Mama Pasta alikuwa ameshatangulia kanisani na kwaya.

Ilikuwa Jumapili ya Majilio, na Majilio ya Kamina huangukia msimu wa maembe. Kanisa letu limeezekwa mabati, na mwembe umelala juu yake kwa upendo. Mwalimu wa liturujia aliyetufundisha kwamba Majilio ni kipindi cha kungojea kwa ukimya hakuwahi kuhubiri chini ya mwembe. Watoto wanangojea kweli, lakini masikio yao yako juu ya paa. Kila kishindo wanageuziana macho, wanajua limeangukia upande gani na nani atakimbia kwanza baada ya baraka.

Tulifika kwenye maungamo. Nikapiga magoti mbele ya meza, waumini wakapiga magoti nyuma yangu, tukaungama dhambi zetu, nikamaliza. Waumini wakasimama. Mimi nikabaki. Goti la kulia lilikuwa tayari. La kushoto lilikataa, na magoti hayafanyi kazi bila makubaliano. Nikasema moyoni, vuta subira, damu itarudi. Nyuma yangu nikasikia viatu vikisita. Shemasi, kijana mcha Mungu kupita kiasi, akaona kasisi wake amezama katika toba, naye akaanguka magotini tena. Umoja wa Wamama wakamwona shemasi, wakashuka. Kwaya ikafuata. Mara kanisa zima likawa chini kwa mara ya pili, kimya kabisa, likitubu makosa ambayo hata sijui ni yapi, kwa sababu ya goti langu.

Katikati ya ukimya ule embe likaanguka kwenye bati. Baa! Mzee mmoja wa nyuma akaitikia, "Amina!"

Nikamwita shemasi kwa kidole. Akaja, akainama, nikamnong'oneza, "Ninyanyue." Huyu kijana hupakua magunia ya mahindi siku za kazi. Akanishika chini ya makwapa, akanitikisa mara mbili mtu aingie sawa mkononi, akaniinua juu mpaka viatu vikaacha sakafu, akaniweka wima nikitazamana na watu. Hapo ndipo mtoto wa benchi la kwanza, ambaye tangu mwanzo wa ibada alikuwa akisoma shingo yangu kwa bidii ya mtu aliyejua kusoma juzi, akapaza sauti:

"Banamutikisa! Sasa atatumika!"

Sikuelewa. Wamama wa mbele walielewa, na mitandio ikafunika midomo. Nilijigusa shingo. Ukanda ulikuwa umegeuka kwa jasho, na yale maneno ya dawa ya kuku, kwa Kifaransa kizuri, yalikuwa mbele pale koo linapokaa: tikisa kabla ya kutumia.

Nikaendelea. Ungefanyaje? Kitabu cha Sala kipo kwa siku kama hizo, na hili nalisema bila mzaha. Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Waingereza enzi hizo, alitoa cha kwanza mwaka 1549, na kwa maoni yangu alikuwa akiwafikiria wazee. Kasisi akisahau alipofikia, waumini hawajasahau. Wanaendelea na Sala ya Bwana, naye anadakia njiani. Akisahau jina la mtoto wa kubatizwa, hakuna aibu, kwa sababu desturi yenyewe inamtaka awaulize wazazi na wasimamizi: mtoto huyu mnamwita nani? Jirani zetu wenye vipaza sauti wanahubiri bila kitabu, nawaheshimu, lakini mchungaji wao akisahau anabaki peke yake na mikrofoni. Ujanani nilikiona kitabu kile kizito na kikavu, nikatamani kuruka kurasa. Siku hizi imani yangu naibeba nusu, nusu nyingine wanaibeba wale wa kwenye mabenchi, na sioni kwamba Mungu amelalamika juu ya mgawanyo huo.

Baada ya ibada mama mmoja alinishika mikono yote miwili. Alikuwa ameona, alisema, Roho akishuka kupitia paa wakati ule nimezama.

"Mama, lilikuwa embe."

"Eyo, Pasta," akasema kwa upole, kama anayemstiri mtu mnyenyekevu, "hata embe ni lake."

Kwa theolojia ile sikuwa na hoja. Nikajaribu kueleza habari ya goti. Akawageukia wenzake, akawaambia: mnaona, watu wa Mungu hawapendi kujisifu.

Asiyedanganyika katika mji huu ni Mama Pasta. Jioni alipasha mafuta ya ngazi, yaani mawese, akatia chumvi, akanikalisha uani na kunichua goti mpaka machozi yakanitoka, huku bukari na samaki wa Upemba vikipoa ndani. Hakusema kitu muda mrefu, na hilo huwa si dalili njema. Kisha akasema, "Wakati magoti yalikuwa mazima, hukuyatumia hivi."

Ni kweli. Nilikuwa mtu wa mikutano, wa baiskeli, wa kukimbiza ripoti za dayosisi. Kuomba niliomba, lakini kwa kusimama, mguu mmoja ukiwa tayari mlangoni. Sikuwa na la kujibu, nikasingizia sikio. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Jirani Mkatoliki akacheka kutoka upande wa pili wa ukuta.

Wiki hiyo vijana wa kanisa wakaja na simu ya kamera. Walitaka foto yangu kubwa, nikiwa na joho. Ya nini? Ya kumbukumbu. Mwandishi wao akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, akaiandika, akaweka kistari, akaacha nafasi.

"Na hiyo nafasi?"

"Hiyo ni ya baadaye, Pasta. Usihangaike nayo, tutajaza sisi."

Nimeongoza vilio vingi hapa Kamina. Najua foto ya namna ile husimamishwa wapi, na najua kwamba vijana waliojipanga mapema huokoa familia na fedheha nyingi. Sikukasirika. Nikavaa joho, nikawauliza kama mtu husimama au hukaa kwa foto kama hizo. Wakashauriana. Kusimama ni bora, wakasema, kama Pasta anaweza.

Tukiwa hapo nikawasimulia habari ya Kivebulaya, ambaye alifariki mwaka 1933 baada ya kuagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambao Injili ilikuwa bado haijaufikia. Hata katika kaburi alitaka kuonyesha njia. Vijana wakaguswa sana. Mwandishi akafungua tena simu yake. "Na wewe Pasta, chako kielekee wapi?"

Nikafikiri. Upande mmoja wa makaburi kuna vipaza sauti. Upande mwingine kuna baa. Msitu wa kwetu umeshahubiriwa, na wahubiri wameanza kuhubiriana wao kwa wao.

"Stesheni," nikasema. "Siku ya ufufuo watu wa Kamina watakuwa wengi, na nafasi za kukaa ni chache."

Akaandika. Kisha akainua kichwa, uso hauna hata chembe ya mzaha:

"Klasi ya kwanza, Pasta, au ya pili?"