Friji ya Félicité

Filamu za kisanii zinataka kimya, na kimya Kamalondo hakipatikani hata kwa bei ya kuruka. Mtaa huu wa Lubumbashi, ulioitwa Albert enzi za Wabelgiji, una baa huku, kanisa la mkesha kule, na tangu 2011 uwanja wa Mazembe, ambapo bao moja linaamsha hata waliokufa.

Hapo ndipo vijana wa klabu ya sinema walipoamua kutuonyesha Félicité ya Alain Gomis, iliyopigwa Kinshasa. Mwaka 2017 ilizoa dubu wa fedha kule Berlin na farasi wa dhahabu Ouagadougou. Uani kwetu ilipewa shuka la kitanda kwenye kamba ya nguo. Upepo ukivuma, Félicité ananenepa, ukitulia, anakonda.

Wenzetu wa Kasai walicheka Chiluba chao kabla hatujasoma maandishi ya Kifaransa, nasi tukacheka kwa kuwaamini. Kasheshe ilizuka kwenye friji. Ya Félicité imekufa, na Tabu, fundi mpenda chupa, amekuja kuifufua. Sasa mtolee mtu wa Kamalondo friji mbovu!

"Papa, acha mota, hiyo ni gesi!" akafoka mmoja kutoka benchi la nyuma.

"Yaya, hata yangu ulisema gesi," mama mmoja akamjibu bila kugeuka. "Leo naweka viatu ndani."

Mwana wa Félicité yuko hospitalini, mguu uko hatarini, mama mtu anahaha mji mzima akitafuta pesa za upasuaji. Sisi tunajadili kompresa.

Kisha Gomis akatuingiza msituni usiku. Giza tupu, sauti hakuna. Kijana wa jenereta akadhani umeme umekatika, akaruka, akavuta kamba, uani kukanguruma kama kinu cha mahindi. Alipozima, okapi alikuwa amekwisha kupita, na mzee mwenye nyumba alimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akaagizwa akae chini, asiguse kitu tena.

Baadaye kidogo umeme ukakatika kweli. Kijana akatulia tuli kwenye ndoo yake. Nasi sote tukalikodolea macho shuka jeusi, kwa heshima kubwa, tukimsubiri okapi.

"Sehemu hii ni ndefu," mama wa viatu akanong'ona, "lakini ndiyo nimeielewa zaidi."